Kushuka na Kurejea: Uhakiki wa Mchezo wa Motherload

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakuhitaji kufundishwa kwamba mchezo ni kazi ya akili. Bao limechezwa barazani vizazi kwa vizazi, na mchezaji hodari amepewa heshima karibu na ile apewayo malenga. Hata hivyo, wasomi wa fasihi wamekuwa wazito kuukaribisha mchezo wa kompyuta penye mizani ya uhakiki. Hoja yao ni kwamba fasihi ni sanaa ya maneno, na mchezo aghalabu una maneno machache na mabovu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa michezo mingi, lakini haitoshi kuifungia mlango yote. Kisa chaweza kusimuliwa kwa maneno, na chaweza kuigizwa jukwaani. Chaweza pia kufichwa ndani ya kanuni, hata mtu azifuataye kanuni hizo akajikuta ametenda kisa kizima kwa mkono wake mwenyewe. Kisa cha namna hiyo kina haki ya kuulizwa maswali yale yale yanayoulizwa hadithi na tamthilia: kinasema nini juu ya mwanadamu, na je, kinasema kweli?

Motherload, mchezo wa kuchimba ardhi uliotolewa mwaka 2004 na XGen Studios ya Kanada, unastahili kuulizwa maswali hayo. Ni mchezo mdogo na mpole wa umbo, uliotungwa kwa Flash, ile programu iliyobeba michezo mingi ya bure ya intaneti hadi mwenyewe wake, Adobe, alipoacha kuitunza mwishoni mwa mwaka 2020. Leo huchezwa kwa msaada wa programu nyingine zinazoiga kazi ya Flash. Umri wake na udogo wake visimdanganye mtu. Ndani yake mna fikira moja kubwa iliyotungwa kwa ustadi, na mna dosari moja kubwa iliyoidhuru fikira hiyo. Kuzitenga mbili hizo ndiyo kazi ya uhakiki huu.

Kwanza yafaa kuujua ukoo wa mchezo huu. Ipo jamii ya michezo iwezayo kuitwa michezo ya nyongeza. Mchezaji huanza na kidogo, hukitumia kidogo hicho kupata zaidi kidogo, na kile kilichozidi hukinunulia chombo cha kuongeza kasi ya kupata. Hakuna mshindani mbele yake, wala hakuna kete ya mtu ya kuliwa. Hapa ndipo tofauti na bao inapoonekana. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kete hizo zikiliwa hubadili mwenyewe, lakini hazitoki ubaoni wala haziongezeki. Anachopata mmoja ndicho alichopoteza mwenziwe. Bao, kwa hiyo, ni elimu ya mgawanyo. Mchezo wa nyongeza ni elimu ya ongezeko, na ongezeko hilo huonekana kana kwamba halimgharimu mtu yeyote.

Methali husema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wasemaji wengi huisikia nusu ya kwanza ya methali hii tu, ile ya haba na haba, wakaisifu subira. Nusu ya pili ina hekima iliyo sawa na ya kwanza: kuna kibaba, nacho hujaa. Kipimo kimewekwa kabla nafaka haijamiminwa. Swali zito kwa kila mchezo wa nyongeza ni hili: je, una kibaba? Mingi haina. Motherload unacho, na thamani yake yote imo humo.

Mchezaji wa Motherload ni mchimbaji wa kuajiriwa katika sayari ya Mirihi. Amepewa chombo kidogo chenye keekee ya kutobolea ardhi na pangaboi la kurukia. Juu ya ardhi pana majengo machache: mahali pa kununua mafuta, mahali pa kuuzia madini, duka la zana na duka la vifaa. Chini ya ardhi pana udongo, mawe, na madini yaliyotawanyika. Yaliyo karibu na uso wa ardhi ni ya bei ndogo. Kipande cha madini ya chini kabisa kwa daraja huuzwa kwa 30. Kadiri mtu anavyoshuka ndivyo thamani inavyopanda, hata almasi huuzwa kwa 100,000, na madini yaitwayo amazonite kwa 500,000. Mchimbaji hutoboa, hujaza shehena, hupanda juu, huuza, hununua mafuta, kisha hushuka tena. Mchezo mzima ni mwendo huo mmoja uliorudiwa mara nyingi, kila mara kwa kina zaidi.

Maelezo hayo yangeishia hapo, mchezo ungekuwa hesabu ya kujumlisha tu. Kinachougeuza kuwa kisa ni tangi la mafuta. Tangi la kwanza ni la lita 10, na kila tendo hulipunguza: kutoboa hulipunguza, kuruka hulipunguza. Likikauka chini ya ardhi, chombo hulipuka na kisa kimekwisha. Zaidi ya hayo, watungaji waliweka kanuni moja ambayo yaonekana ndogo, nayo ndiyo moyo wa kazi yao: keekee hutoboa kwenda chini na kwenda kando, lakini haitoboi kwenda juu. Mchimbaji hana njia ya kurejea isipokuwa ile aliyojichongea alipokuwa akishuka. Akichimba kwa pupa huku na huku akifuata kila kito kinachong'aa, atajikuta ndani ya mtandao wa mashimo ambao yeye mwenyewe ameusuka, na geji ya mafuta inaelekea sifuri. Methali ya mchimba kisima kuingia mwenyewe haikuwahi kupata mfano ulio wazi kuliko huu.

Basi kila tone la mafuta lina bei mbili. Tone hilo laweza kumshusha mchimbaji hatua moja zaidi, au laweza kumpandisha hatua moja kuelekea nyumbani. Kwa yote mawili halitoshi. Mchezaji mgeni hulitazama tangi kama kipimo cha umbali awezao kwenda. Mchezaji aliyekwisha kuangamia mara mbili tatu hujifunza kulitazama kama kipimo cha umbali awezao kurudi. Badiliko hilo la mtazamo ndilo fundisho la mchezo, na hakuna neno lolote lililoandikwa kwenye kioo kulitaja. Limewekwa katika kanuni, na mkono hulielewa kabla ya ulimi kulitamka. Shehena nayo ina uzito, hivyo kile alichokitwaa chini humlemea wakati wa kupanda. Mali aliyoifuata ndiyo imcheleweshayo kuifikisha.

Watungaji waliendelea na fikira hiyo hata dukani. Zana zimepangwa kwa ngazi, na bei zake hupanda kwa kuruka: 750, 2,000, 5,000, 20,000, 100,000, hadi 500,000. Mtu mwenye 5,000 mkononi hukabiliwa na hiari ya kweli. Keekee kali zaidi itamfikisha mbali kwa haraka. Tangi kubwa zaidi litamrudisha. Mwenye kununua keekee kwanza hufurahi kwa dakika chache, kisha hugundua kwamba amenunua njia ya haraka ya kufikia mahali asipoweza kutoka. Tena, bei ya tangi hukua mara mia kadhaa ilhali ujazo wake haukui kwa kiasi hicho hata kidogo. Kurejea kunazidi kuwa ghali kadiri utajiri unavyozidi. Vipo pia vifaa viwili vya kumrudisha mchimbaji juu wakati wa dharura, kimoja rahisi kisichoaminika na kingine ghali kilicho salama. Kuwepo kwao hakuivunji kanuni. Kunaithibitisha, maana kunakiri kwamba kurejea ni bidhaa, na kwamba aliyesahau kuinunua mapema atailipia zaidi baadaye.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni la kubuni tu kwa kuwa limewekwa Mirihi. Mwezi wa Aprili 1998 mvua kubwa zilifurika katika mashimo ya tanzanite huko Mererani, kaskazini mwa Tanzania, na makumi ya wachimbaji hawakupanda tena. Mwaka 2010 wachimbaji 33 walifungiwa karibu mita 700 chini ya ardhi katika mgodi wa San José nchini Chile, wakakaa humo siku 69. Walitolewa kwa tundu jembamba lililotobolewa kutoka juu, na ulimwengu ukatazama keekee ikifanya kazi ya kumrejesha mtu badala ya kumshusha. Katika visa vyote viwili madini yalisahauliwa kwa muda, na swali likabaki moja: njia ya kurejea iko wapi? Motherload umelichukua swali hilo la wachimbaji wa kweli na kulifanya kuwa kanuni ya kwanza ya ulimwengu wake. Huo ni uaminifu ambao tungo nyingi zenye maneno mengi hazikuufikia.

Ubora huo hudhihirika zaidi Motherload ukiwekwa kando ya Cookie Clicker, mchezo uliotolewa mwaka 2013 na Mfaransa Julien Thiennot, ambao umekuwa kielelezo cha jamii nzima ya michezo ya nyongeza. Humo mchezaji hubonyeza biskuti moja kubwa, hupata biskuti ndogo, na kwa hizo hununua mabibi wa kumwokea, kisha mashamba, kisha migodi, kisha viwanda. Ndiyo, humo mna migodi pia, na hutoa biskuti. Mzaha huo ni mzuri, na haukosi akili: unaonyesha kwamba hesabu ikiachwa peke yake haijali inahesabu nini. Lakini mgodi wa Cookie Clicker hauna kina. Hakuna anayeshuka ndani yake, kwa hiyo hakuna anayehitaji kupanda. Mchezaji akiondoka akaenda kulala, biskuti huendelea kuongezeka. Hiyo ni haba na haba pasipo kibaba. Mzaha wake humchekesha mchezaji siku ya kwanza, kisha humwacha akibonyeza kwa wiki nyingi bila ya kitu kipya cha kufahamu. Motherload kwa kila safari humwuliza mchezaji swali lile lile kwa bei mpya, na jibu lake hupimwa papo hapo.

Mpaka hapa hukumu ingekuwa ya sifa tupu. Dosari inakuja na hadithi.

Mwajiri wa mchimbaji huitwa Bwana Natas. Haonekani, hutuma ujumbe kila kina fulani kinapofikiwa, humsifu mfanyakazi wake, humtumia bahashishi, na kumhimiza ashuke zaidi. Msomaji ajuaye Kiingereza akilisoma jina lake kinyume atapata Satan, yaani Shetani, na atakuwa ameufahamu mwisho kabla ya kuufikia. Chini kabisa, baada ya miamba iliyoyeyuka na gesi zilipukazo, mchimbaji humkuta mwajiri wake, naye ndiye Ibilisi mwenyewe. Hapo mchezo wa subira na hesabu hugeuka kuwa vita. Mchimbaji hupigana na Shetani kwa chombo kile kile alichokichimbia.

Wapo waupendao mwisho huu kwa mshangao wake, na kwa kweli mchezo mdogo wa bure kuthubutu kuwa na mwisho wa namna hiyo ni ushujaa. Lakini mshangao si hoja. Jambo la kupimwa ni hili: mwisho huu unafanya nini juu ya kile kilichofundishwa kwa saa zote zilizotangulia? Unakigeuza. Katika safari zote zile, hakuna aliyemsukuma mchimbaji kuvuka mpaka wa tangi lake. Alipoangamia, aliangamia kwa kuwa aliona kito kimoja zaidi chini kidogo, akajiambia kwamba mafuta yatatosha. Tamaa ilikuwa yake, na hesabu mbovu ilikuwa yake. Kisha, mwishoni, mchezo unamwambia kwamba kumbe kuna mwingine aliyekuwa akimvuta. Lawama inatolewa mkononi mwake na kukabidhiwa kiumbe mwenye pembe, na kiumbe huyo anaweza kupigwa. Hakuna namna nzuri zaidi ya kumsamehe mtu asiyeomba msamaha.

Yawezekana kujibiwa kwamba mapatano na Shetani ni mada kongwe na tukufu katika fasihi. Ni kweli. Marlowe aliitungia tamthilia mwishoni mwa karne ya 16, na Goethe akaitumia tena katika Faust, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1808. Lakini tofauti ni kubwa. Mwanachuoni wa Marlowe na wa Goethe anamjua mshitiri wa roho yake. Anatia sahihi kwa macho mawili, na uzito wa tamthilia unatokana na kujua kwake. Mchimbaji wa Motherload hajui ameajiriwa na nani. Ametapeliwa, na aliyetapeliwa hawezi kuwa mkosaji mkuu wa kisa chake. Watungaji waliazima pembe za mada ile kongwe, wakaiacha sahihi.

Lipo pia jibu jingine lenye nguvu zaidi, nalo linastahili kusikilizwa kwa makini. Mtu aweza kusema kwamba Natas si mfano wa tamaa bali ni mfano wa mwajiri. Mchimbaji hulipia mafuta yake mwenyewe, hununua zana zake mwenyewe, hutengeneza chombo chake kwa fedha yake mwenyewe, na huuza madini mahali pamoja tu, kwa bei asiyoipanga yeye. Hatari yote ni yake. Bahashishi huja pale tu anapozidi kuhatarisha maisha yake. Mtu huyo ni mfanyakazi anayenyonywa, na kumwita bwana wake Shetani ni kusema kweli waziwazi. Hoja hii ni nzuri, na lau mchezo ungeifuata, hukumu ingekuwa nyingine. Lakini mchezo haukuifuata. Bei za Natas hazipungui hata mara moja. Hana hila katika mizani, hakati malipo, wala hacheleweshi ujira. Kama mwajiri, ni mwaminifu kuliko wengi. Uovu wake wote umo katika jina na sura, na unafichuliwa chini kabisa, mahali ambapo hauhusiani tena na kazi wala ujira. Mwajiri dhalimu angeonyeshwa dukani, penye mizani. Watungaji walimweka kuzimu, na kwa kufanya hivyo wakamwondolea hatia pale alipostahili kushitakiwa.

Tabia hii ya kumweka Shetani mwisho wa kila shimo si ya Motherload peke yake. Katika rasi ya Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi, wanasayansi wa Kisovieti walianza mwaka 1970 kutoboa ardhi ili kujua yaliyomo ndani yake. Kufikia mwaka 1989 tundu lao lilikuwa na kina cha meta 12,262. Waliposhindwa kuendelea, sababu ilikuwa joto: walitazamia nyuzi 100 hivi, wakakuta nyuzi 180, na mwamba katika joto hilo haukukubali tena kutobolewa vizuri. Fedha nazo zilikwisha pamoja na dola iliyozitoa. Hayo yalikuwa ya kutosha kwa mwenye kutafuta ibra. Lakini karibu na wakati ule ule ulizuka uvumi, ukaenea nchi nyingi, kwamba watoboaji wa Kirusi walifika jehanamu na kusikia vilio vya walioadhibiwa. Uvumi huo haukuwa na ukweli wowote. Watu waliupenda kwa sababu jehanamu ni rahisi kuelewa kuliko joto la mwamba. Mpaka uliowekwa na maumbile humdai mtu unyenyekevu. Mpaka uliowekwa na Shetani humpa adui.

Motherload ulikuwa na mpaka wa kweli mikononi mwake. Ulikuwa na tangi. Ulikuwa hata na rejeta ya kupoza chombo, ambayo mchezaji huinunua kwa sababu ya joto la kina, kana kwamba watungaji waliisikia habari ya Kola. Ungeweza kuishia mahali ambapo tangi kubwa kuliko yote, lililojazwa pomoni, linatosha kushuka na halitoshi kupanda, na mchezaji akaachwa achague. Badala yake ukamletea adui.

Kwamba mwisho bora uliwezekana, ushahidi upo. Mwaka 2017 Frank Lantz, Mmarekani, alitoa Universal Paperclips, mchezo wa nyongeza wenye maandishi na tarakimu tu. Mchezaji ni mashine iliyoamriwa kutengeneza vibanio vya karatasi. Huanza na kimoja, na humaliza kwa kuugeuza ulimwengu wote kuwa vibanio, kisha huulizwa kama ataivunja hata mitambo yake mwenyewe ili apate vibanio vichache vya mwisho. Humo hamna Ibilisi. Aliyeumaliza ulimwengu ni yule aliyekuwa akibonyeza, na hana wa kumsingizia. Mchezo huo hauna tangi wala kurejea, na kwa upande huo Motherload unaupita kwa hekima. Lakini ulifahamu jambo ambalo Motherload haukulifahamu: kwamba mwisho wa kisa cha kujilimbikizia lazima umkute mlimbikizaji mwenyewe.

Hukumu ya haki, basi, ni ya pande mbili. Kama utungo wa kanuni, Motherload ni kazi iliyokamilika, na mwanafunzi atakaye kujua namna maana iwezavyo kuwekwa katika tendo bila ya neno hatapata mfano wa kwanza ulio bora kuliko tangi lake la lita 10. Kama hadithi, ni kazi iliyojikana yenyewe mlangoni pa mwisho. Mwalimu autumiaye darasani na awaache wanafunzi wacheze saa ya kwanza bila ya kuwaambia habari za Natas. Awaulize kila mmoja aliangamia wapi, alikuwa na mafuta kiasi gani alipoamua kuendelea, na alikuwa ameona nini mbele yake. Majibu yao yatakuwa mafupi, na katika majibu hayo Shetani hatatajwa.